Habari ya Aliyekimbia ni Amana: Watafiti, Wakimbizi na Njia ya Kilosa na Mikumi

 

Tumeletewa suali na mzazi mmoja wa Unguja ambaye kijana wake anasoma chuo kikuu Morogoro. Kijana ametakiwa aandike utafiti juu ya watu waliokimbia makwao, naye amechagua wilaya ya Kilosa pamoja na mji wa Mikumi. Mzazi anasema mwanawe ameambiwa na wenziwe kwamba njia nyepesi ya kuwapata Wahabeshi wa kuwahoji ni kusubiri mpaka wakamatwe, kisha aombe nafasi ya kuwauliza wakiwa chini ya ulinzi, kwani hapo hawana pa kwenda. Ameshauriwa pia asiwaeleze sana anachokifanya, maana wakidhani anaweza kuwasaidia watasema mengi. Mzazi anauliza: elimu inayopatikana kwa njia hii ni halali?

Suali hili linagusa nyumba nyingi visiwani. Watoto wetu wako Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, wako Mzumbe, Sokoine, Dar es Salaam na SUZA, na wengi wao hawamalizi masomo bila ya kwenda kuwauliza watu maisha yao. Wengine wameajiriwa kukusanya takwimu kwa niaba ya mashirika, wakitembea na vishikwambi nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo tumeona tulijibu kwa urefu kidogo, tukianza na hali ilivyo kisha hukumu yake.

Kilosa na Mikumi: nani anayeulizwa?

Aliyewahi kwenda Iringa au Mbeya kwa basi anaijua Mikumi. Barabara kuu inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa 1964, kisha inatokea kwenye mji mdogo wenye nyumba za wageni, mama lishe na malori yaliyopumzika. Mji huo umo ndani ya wilaya ya Kilosa, na barabara hiyo ndiyo inayokwenda hadi Tunduma na kuingia Zambia. Kilosa mjini wanaijua zaidi wasafiri wa reli. Katika wilaya hii moja mtafiti anakutana na watu wa namna tatu, ambao wote walilazimika kuondoka walipokuwapo.

Wa kwanza ni waliohamishwa na maji. Mwishoni mwa Disemba 2009 mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukaikata reli ya kati na kuwaacha watu zaidi ya 20,000 bila ya makaazi. Wengi waliishi katika mahema, na kila aliyefika na kalamu aliwakuta hapo wakisubiri chakula na kiwanja.

Wa pili ni wakulima na wafugaji. Tarehe 8 Disemba 2000, ndani ya mwezi wa Ramadhani 1421, wakulima 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni kwa shambulio la wafugaji. Ugomvi wa ardhi na maji uliendelea miaka mingi baada ya hapo. Wako wakulima waliokimbia mashamba yao, na wako wafugaji walioondoshwa pamoja na ng'ombe wao.

Wa tatu ni wapita njia. Ni vijana, wengi wao kutoka kusini mwa Ethiopia, wanaosafirishwa kwa siri kuelekea Afrika Kusini. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilitoa ripoti iliyokadiria kuwa Wahabeshi na Wasomali wanaopita njia hiyo ya kusini huenda wakafikia 20,000 kwa mwaka. Habari za kukamatwa kwao mkoani Morogoro husikika mara kwa mara. Juni 2012, katika wilaya jirani ya Kongwa, zaidi ya Wahabeshi 40 waliokuwa wamefungiwa ndani ya lori walikutwa wamekufa, miili yao imetupwa porini karibu na kijiji cha Chitego. Machi 2020, mbele zaidi kwenye njia hiyo, wengine 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena huko Tete, Msumbiji.

Kisheria watu hawa hawako sawa. Mkimbizi, kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, ni aliyevuka mpaka kwa kuogopa mateso, vita au machafuko. Mwomba hifadhi ni yule ambaye amekwishaomba na anasubiri jawabu. Nchi yetu ina Sheria ya Wakimbizi ya 1998, na wakimbizi wa Kongo na Burundi wamewekwa Kigoma, katika kambi kama Nyarugusu iliyofunguliwa 1996. Waathirika wa Mkondoa na wa Rudewa hawakuvuka mpaka wowote. Ama Wahabeshi wa Mikumi, wengi wanatafuta kazi, na miongoni mwao wamo wanaokimbia vita au jela. Huwezi kuwapambanua kwa kuwatazama usoni, wala mwanafunzi mwenye daftari hana uwezo wa kuamua nani ni nani. Magazeti huwaita wote kwa jina moja, "wahamiaji haramu". Katika fiqhi sifa ya haramu hupewa kitendo, na binadamu hageuki kuwa haramu kwa kuvuka mpaka.

Jambo linalowakusanya wote watatu ni udhaifu wao mbele ya anayewauliza. Yeye amekula, wao wana njaa. Yeye ana barua yenye muhuri, wao hawana hata kitambulisho. Yeye jioni atapanda basi, wao watabaki. Hapo ndipo mas-ala yetu yanapoanzia.

Sisi wa visiwani tunalijua hili

Haifai kwa mtu wa Unguja au Pemba kulitazama jambo hili kama la watu wa mbali. Baada ya tarehe 26 na 27 Januari 2001 watu zaidi ya 2,000, wengi wao Wapemba, walivuka bahari kwa vyombo vidogo hadi Shimoni nchini Kenya, na baadhi yao wakapelekwa kambi za Dadaab. Kabla ya hapo, baada ya 1964, zipo familia zilizotawanyika Mombasa, Dubai, Muscat na Uingereza. Kila mmoja wetu ana ami, khalati au jirani aliyewahi kukaa mbele ya mtu asiyemjua akaulizwa: ulikimbia nini, ulikuwa na nani, nani alikuona?

Waliopita hayo wanajua kwamba jawabu lina uzito kuliko suali. Ukitaja jina la aliyekupa chombo, pengine bado yuko kijijini. Ukitaja jina la ndugu yako, pengine usiku wa leo atabishiwa mlango. Muulizaji anaandika sentensi moja na kugeuza ukurasa, na wewe hulali ukijiuliza karatasi ile itafika wapi.

Kuuliza kuna kheri yake

Hatusemi kwamba utafiti uachwe. Allah (S.W.) ametukataza kuficha ushahidi (Al-Baqara, 283) na ametuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu (An-Nisaa, 135). Dhulma isiyosimuliwa haiondoshwi. Mwaka 2009 Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah walichapisha uchunguzi wao juu ya mauaji ya Kilosa. Wengi walikuwa wameridhika kusema kwamba ni makabila yasiyopendana. Wao walionesha namna sera za ardhi zilivyowabana wafugaji, na namna rushwa ilivyowafanya watu wa pande zote wakate tamaa na viongozi waliotakiwa kuwaamua. Maelezo ya namna hiyo yana manufaa, kwani anayedhani ugomvi ni wa damu hatafuti suluhu, na anayejua kuwa chanzo chake ni hongo na mipaka ya vijiji anajua pa kuanzia.

Bibi Barbara Harrell-Bond, aliyeanzisha kituo cha masomo ya wakimbizi Oxford mwaka 1982, aliwatafiti Waganda waliokimbilia kusini mwa Sudan, na katika kitabu chake cha 1986 aliwachunguza pia wale wanaotoa misaada. Hilo ni funzo zuri. Mara nyingi mtafiti humhoji mnyonge kwa sababu mnyonge hawezi kumfungia mlango, akawaacha wenye nguvu kwa sababu wana mlango na mlinzi.

Madhara yaliyokwishatokea

Pamoja na kheri hiyo, upande wa pili ni lazima utazamwe. Kanuni mashuhuri ya fiqhi inasema kuwa kuondosha madhara kunatangulizwa mbele ya kuleta maslahi.

Mfano ulio karibu na nyoyo za Waislamu ni wa ndugu zetu Warohingya. Walipokimbilia Bangladesh waliandikishwa majina, picha na alama za vidole, na kadi waliyopewa ndiyo iliyokuwa ikiwapatia msaada. Juni 2021 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba taarifa za watu wasiopungua 830,000 zilifikishwa na Bangladesh kwa serikali ya Myanmar, ile ile waliyoikimbia, na kwamba wengi wa waliohojiwa hawakujua kuwa taarifa zao zingekwenda huko. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilijibu kuwa watu waliulizwa na wakakubali. Sisi tunauliza: mtu aliyepanga foleni ya mchele akaambiwa atie kidole, ridhaa yake ina thamani gani?

Hapa kwetu, mtafiti wa Kimarekani Marc Sommers alichapisha mwaka 2001 kitabu kuhusu vijana wa Kirundi waliotoka katika makaazi ya wakimbizi na kuishi kwa kujificha Dar es Salaam, wakifanya kazi ya ushoni. Kwa vijana wa namna hiyo jina, mtaa au alama ya duka ingetosha kumkamatisha mtu. Ndiyo maana anayeandika juu ya waliojificha analazimika kufuta kila kinachoweza kumwonesha mwenyewe.

Na hata kanuni za kisasa za utafiti zina asili ya kusikitisha. Mwaka 1947, baada ya madaktari wa Kinazi kuhukumiwa Nuremberg kwa majaribio waliyowafanyia wafungwa, sharti la kwanza lililowekwa lilikuwa ridhaa ya hiari ya anayefanyiwa. Yaani dunia ilijifunza sharti hili kwa watu waliofungwa, wasioweza kuondoka. Kijana anayeshauriwa asubiri mpaka Wahabeshi wakamatwe anarudishwa pale pale dunia ilipotoka.

Kubisha hodi

Uislamu ulitangulia katika jambo hili kwa adabu tunayoifundisha watoto chuoni: isti-idhani, kubisha hodi. Katika Suratun-Nur, aya ya 27 na ya 28, tumekatazwa kuingia nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi basi turudi, kwani hivyo ndivyo usafi wetu. Mtume (S.A.W.) akafundisha kuwa hodi ni mara tatu, na asiyeruhusiwa aondoke. Alimkemea vikali aliyechungulia kwenye tundu ya mlango, akaeleza kuwa ruhusa imewekwa kwa ajili ya jicho.

Ikiwa chumba cha mtu kina hodi, kifua chake je? Siri ya aliyekimbia ni nyumba yake ya mwisho. Nyengine zimechomwa, zimesombwa na maji au zimebaki ng'ambo ya mpaka. Kwa kipimo hiki tunapata mambo matatu.

La kwanza, ruhusa ni ya mwenye nyumba. Mwanafunzi anayekwenda Kilosa hupita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wilayani, kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Anayetoka nje ya nchi hutakiwa kuwa na kibali cha COSTECH, na anayekwenda kambini Kigoma huhitaji idhini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Taratibu hizi ni za lazima na kuzitii ni wajibu. Lakini barua zote hizo zinamfikisha mtu kwenye kizingiti tu. Mwenyekiti wa kijiji hana mamlaka ya kukubali kwa niaba ya mjane aliyepoteza mumewe Rudewa.

La pili, lazima "rudi" iwezekane kusemwa. Hodi ambayo mwenye nyumba hawezi kuikataa imekwishakuwa uvamizi. Aliye mahabusu, aliye kwenye foleni ya chakula, anayeulizwa mbele ya mlinzi au mbele ya kiongozi anayegawa viwanja, huyo hana njia ya kusema hapana. Wanazuoni wetu wa Kishafii hawaitambui ridhaa ya aliyelazimishwa katika kuuza hata kondoo. Iweje tuitambue katika kuitoa siri yake?

La tatu, anayebisha hujitambulisha. Jabir (R.A.) alipobisha kwa Mtume (S.A.W.) na kuulizwa ni nani, akajibu "mimi", Mtume hakulipenda jawabu hilo. Mtafiti anatakiwa aseme yeye ni nani, katumwa na nani, maneno yatakwenda wapi, na aseme waziwazi kwamba hana uwezo wa kumpatia mtu hifadhi, chakula wala safari ya Ulaya. Kumwacha mkimbizi adhani vyengine ili azungumze ni ghishi, na mwenye kughushi tunajua Mtume (S.A.W.) kamweka wapi.

Mahojiano ya Najashi

Katika mwaka wa tano wa Utume, Maswahaba walihamia Habasha. Maquraish wakawatuma Amr bin Al-Aas na Abdullahi bin Abi Rabia na zawadi nyingi ili warejeshwe. Bibi Ummu Salama (R.A.), ambaye alikuwa miongoni mwa wakimbizi hao, ametusimulia kilichotokea, na ndani yake mna mafunzo kwa kila anayemhoji aliyekimbia.

Najashi alikataa kuwatoa kabla ya kuwasikiliza wenyewe. Hakutosheka na maneno ya waliowafuata. Aliwaacha wamchague msemaji wao, naye akawa Jaafar bin Abi Talib (R.A.). Wao walijua wanazungumza na nani na kwa sababu gani, wakashauriana kabla ya kujibu. Na baada ya kusema, hata yale ambayo wangeweza kuyaogopa juu ya Nabii Isa (A.S.), walibaki salama, na zawadi za Maquraish zikarudishwa. Maneno yao hayakuuzwa.

Leo wajukuu wa nchi ile iliyowasitiri Maswahaba wanapita Mikumi chini ya maturubali. Wamo miongoni mwao Waislamu na Wakristo, na deni letu kwao halibagui. Allah (S.W.) ametuamrisha katika Suratut-Tawba, aya ya 6, kwamba hata mshirikina akituomba hifadhi tumpe, kisha tumfikishe mahali pake pa amani. Anayeomba hifadhi hatumdai habari zake kuwa ndiyo bei ya hifadhi.

Mas-ala yanayoulizwa sana

*Je, inafaa kumlipa anayehojiwa?* Kumfidia muda wake na nauli yake kunafaa, maana aliyeacha kibarua kwa ajili yako amekutumikia. Kisichofaa ni kutoa fedha nyingi kwa aliyeshindwa na njaa ili aseme asichotaka kukisema. Fidia itolewe hata kama mtu ataacha kujibu katikati.

*Nani awe mkalimani?* Jambo hili hupuuzwa na madhara yake ni makubwa. Mfugaji wa Kimasai akitafsiriwa na kiongozi wa kijiji alichogombana nacho, hatasema alilonalo. Mhabeshi akitafsiriwa na mtu wa yule aliyemsafirisha, atasema aliloambiwa. Mwenye kuhojiwa aulizwe kwanza kama mkalimani huyo anamridhia.

*Wanawake na watoto?* Mwanamke ahojiwe na mwanamke, pasiwe na khalwa, wala asishurutishwe kusimulia aliyofanyiwa katika mwili wake. Wengi waliokimbia vita wamedhulumiwa hivyo, na kusimulia ni kama kuumizwa mara ya pili. Mtoto aliye peke yake hana walii wa kumkubalia, na kutokuwapo kwa walii kunazidisha ulinzi wake wala hakumpi muulizaji nafasi.

*Siri ina mpaka?* Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba mtu akizungumza kisha akageuka kutazama huku na huku, maneno yake ni amana. Hakusema "usimwambie mtu". Kugeuka kwake peke yake kumetosha. Na nani anageuka zaidi ya mkimbizi? Lakini pia imepokewa kwa Abu Daud kwamba mazungumzo ni amana isipokuwa panapokusudiwa kumwaga damu, zinaa au kupora mali. Isnadi ya nyongeza hiyo ina maneno, ila maana yake imekubaliwa. Kwa hiyo mtafiti akiambiwa kwamba kuna watu wamefungiwa ndani ya lori na pumzi zinawaishia, haifai anyamaze kwa kisingizio cha siri za utafiti. Mpaka huu auseme mwanzo, kabla ya suali la kwanza, ili anayejibu ajue.

*Majina na picha?* Kisichoandikwa hakiwezi kunyang'anywa. Majina yasiandikwe, itumike namba. Njia, nyumba na majina ya waliowasaidia yaachwe kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inadai taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana na zilindwe. Ama picha za watu waliolazwa chini kando ya barabara, zinazorushwa kwenye makundi ya WhatsApp pamoja na maneno ya kejeli, hizo hazina hata jina la utafiti. Suratul-Hujurat imekataza kejeli katika aya ya 11, na upelelezi na kusengenya katika aya ya 12, na anayezisambaza anashiriki.

Jawabu kwa mzazi

Kumhoji mtu aliyekamatwa, kwa kutumia kukamatwa kwake, na kumwacha adhani kuwa atasaidika, hakufai. Yamekusanyika hapo kulazimisha, kughushi na kumweka mtu katika khatari kwa manufaa ya mwengine. Cheti kitakachopatikana kwa njia hiyo kitakuwa na dhulma ndani yake, na dhulma ya mja haisameheki mpaka mwenyewe asamehe. Mhabeshi aliyerejeshwa kwao utampata wapi umwombe radhi?

Hata hivyo kijana hana haja ya kuliacha somo. Hukumu za mahakama ziko wazi kusomwa. Anaweza kuwauliza mawakili, maofisa, madereva na mama lishe wa Mikumi kwa ridhaa yao, bila ya kuwataka wamtaje mtu. Anaweza kwenda kwa wakulima na wafugaji wa Kilosa akawaeleza wazi na kuwaachia hiari. Na anaweza kuligeuza suali: badala ya kumuuliza aliyefungwa kwa nini alipanda lori, awaulize wenye mamlaka kwa nini mwenye lori hupatikana mara chache kuliko abiria wake. Akikuta kwamba mas-ala yake hayawezi kujibiwa bila ya kumdhuru mtu, abadilishe mas-ala. Kupungua kwa ukurasa ni kwepesi kuliko kubeba amana iliyovunjwa.

Nasaha zetu kwa wazazi ni hizi:

1. Muulize mwanao anamtafiti nani, wapi, na huyo mtu anaweza kumkatalia vipi.
2. Msome naye barua ya ridhaa. Kama nyinyi hamkuifahamu, aliye kambini hataifahamu.
3. Mkumbushe kurudi kwa aliowahoji, awasomee alichokiandika, wasahihishe. Vijiji vingi vimechoka na wageni wanaochukua maneno wasionekane tena.
4. Nanyi mkijiwa na mwenye kishikwambi, mna haki ya kuuliza na ya kukataa. Mkikubali, semeni kweli.

Kwa walimu wa vyuo tunasema: msimpe mwanafunzi alama kwa wingi wa waliohojiwa kabla ya kumuuliza aliwahoji vipi. Na kwa viongozi wa Kilosa na kwengineko: mkimkabidhi mtafiti watu walio chini ya ulinzi wenu, nanyi mtaulizwa.

Tunamuomba Allah (S.W.) awasitiri waliokimbia makwao, awape salama walio njiani usiku huu, awarehemu waliofia porini na ndani ya makontena, na azifanye kalamu za watoto wetu kuwa hoja kwao na zisiwe hoja dhidi yao. Allah ndiye Mjuzi zaidi.

Wabillahi tawfiq.